Mfuko Nyuma ya Basi

Tereza aliwaona kabla mechi haijaanza. Gladness, mfungaji wake, alikuwa nyuma ya basi la wapinzani wao wa Area D, akizungumza na meneja wa timu hiyo, Fredy. Fredy akampa mfuko mweusi wa kitambaa. Gladness akaupokea kwa mikono miwili, akatupa macho huku na huku, kisha akauficha ndani ya kitenge chake.

Tereza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kibakwe. Timu hii ya mpira wa pete aliiunda mwenyewe, wanawake wakifanya mazoezi jioni wakishatoka shambani. Walikuja fainali wamepanda fuso la vitunguu. Wenzao walikuwa na basi, daktari na maji ya baridi, nayo maji hayo Tereza alikwisha kuwakataza wachezaji wake wasiyaguse.

"Ulikuwa unaongea nini na yule?"

"Alinisalimia tu, mwalimu."

"Na huo mfuko?"

Gladness aliinamisha macho. "Nitakueleza baadaye."

Baadaye ya nini? Robo ya kwanza Gladness alikosa mipira miwili ya karibu kabisa, ile ambayo nyumbani angeifunga hata akiwa anapiga soga. Tereza akaona ushahidi umetimia. Akamtoa, akamwingiza Lydia, na muda wote uliobaki hakumtazama. Mara mbili Debora, nahodha, alimsihi amrudishe. Alikataa.

Walifungwa kwa goli moja.

Debora ndiye aliyeufungua mfuko, mbele ya wote. Ndani mlikuwa na raba zilizokwisha kuvaliwa, safi, ulimi wake umeandikwa jina la Bupe, mfungaji wa Area D. Tereza akatazama miguu ya Gladness. Soli ya kulia ilikuwa imeachia, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Bupe aliniona nikiifunga," Gladness alisema. "Akamtuma meneja wao aniletee. Ulisema tusipokee chochote chao, mwalimu. Nikaogopa kuzivaa."

Ndani ya fuso Tereza aliomba radhi, wote wakisikia.

"Nimesikia, mwalimu," Gladness alijibu kwa adabu.

Baada ya wiki tatu alikuja shuleni kuomba barua ya kuhamia Area D. Alimwamkia shikamoo kama kawaida, akasubiri amesimama. Tereza alitaka kumuuliza walianza lini kumshawishi. Swali lilimfika ulimini. Akalimeza, akatia saini.