Koo la Mwalimu Khairat

Jumatatu ya tarehe 7 Novemba 2005 ndipo mambo yalipoharibika. Mke wangu Khairat alikuwa akisomesha watoto chuo cha Kurani barazani petu, Shumba, Pemba. Mtoto asiyeweza herufi ya ghaini humpa maji asukutue koo: pale yanapotokota, karibu na kidakatonge, ndipo herufi inapotoka. Siku ile alisukutua mwenyewe awaonyeshe. Maji yakamtokea puani, na ghaini haikutoka.

"Leo mwalimu kakosa!" watoto wakapiga kelele. "Apigwe bakora!"

Akacheka nao.

Daktari akaona uvimbe, akasema apelekwe Unguja. Barua ya matibabu ikataka mhuri wa sheha, mkuu wa shehia yetu. Nikaenda mara sita, na uchaguzi ulikuwa ndiyo kwanza umekwisha.

"Mzee Jabir, si mna chama chenu nyie?" sheha akaniambia. "Wakakupigieni mhuri huko."

Alipoupiga, mwezi wa Februari, qafu na kha nazo zilikuwa zishakwenda, na Unguja wakasema tumechelewa. Khairat hakulilia roho yake. Alilia Alhamdu, sura ambayo sala haiwi bila yake.

"Nasoma ghaini haitoki," akaninong'oneza. "Sala yangu inasihi, baba?"

Nilimzika. Baada ya khitma nikamwuliza imamu wetu, Shehe Sleiman, swali lake lile.

"Ana udhuru," akasema. "Sala yake imesihi, inshallah."

Nikashusha pumzi. Lakini sheha alikuwa safu ya mbele msikitini, kama kila siku.

"Na yule aliyemzuilia mhuri mpaka koo likaziba, Shehe, sala yake yeye inasihi?"