Heleboro za Bibi Nyiraneza

Nyuma ya nyumba ya binti yake Maombi, huko ughaibuni kwenye mji wa baridi wa Columbia Heights, Bibi Nyiraneza alipanda mbegu za heleboro, ua linalosemekana kuchanua hata theluji haijaisha. Mbegu zilikawia ardhini karibu mwaka mzima. Zilipoota, miche ikatoa majani tu, miaka ikapita. Kila theluji ilipoanguka, bibi aliirundika juu yake kama anayemfunika mtoto blanketi.

"Mama, unalima barafu," Maombi alimcheka. "Mmea wenyewe hata mbuzi hali. Pasaka hii usipotoa ua, naung'oa napanda lengalenga, mchicha wa kwetu."

"Sawa," bibi alijibu. "Pasaka haijafika."

Siku ya Pasaka walipotoka kanisani, theluji bado ilikuwa kando ya uzio. Maombi alishika jembe, akakitazama kitalu. Aliona majani makuukuu tu, yameungua kwa baridi.

"Umeona mwenyewe, Mama. Hakuna kitu."

"Umetazama ukiwa umesimama, mwanangu. Piga magoti."

Maombi alilitazama gauni lake la sikukuu, akasita, kisha akapiga magoti. Bibi akafunua majani, akapitisha kidole chini ya shina lililoinama, akaliinua taratibu. Ua la rangi ya zambarau likawatazama usoni. Pembeni yake yalikuwapo mengine, yote yameinamisha vichwa.

Maombi akainuka, akapangusa gauni. "Basi, lengalenga nitapanda kule kando ya gereji."

"Panda," bibi akasema, akinyoosha mkono. "Na hilo jembe nipe mimi, nipanue kitalu."