Bolti Moja Tu

Reuben atanitia wazimu. Ndiye fundi pekee aliyebaki nami katika karakana ya marehemu mume wangu hapa Voi, na hajui kusema hapana.

Kitanda cha bolti alikibuni mwenyewe. Zamani kila umbo la bati lilitaka kalibu lake la mbao, na kazi ikiisha kalibu linakuwa kuni. Reuben akatoboa bamba zito la chuma, matundu mstari kwa mstari, akatia bolti katika kila tundu. Ukitaka madigadi, unapandisha hizi na kushusha zile kwa spana mpaka vichwa vyake vifuate umbo. Juu unatandika mpira wa tairi, bati, gunia la mchanga, kisha jeki inakandamiza. Kesho unazipanga upya, unapata boneti.

Sasa weka bolti zote hizo kando ya barabara kuu, mbele ya madereva! "Fundi, nisaidie bolti moja tu." Na Reuben, maana kwao Chawia jirani hanyimwi, anafungua. "Hii ya pembeni haifanyi kazi leo, Mama Nasiha." Nimegomba mpaka sauti imekauka. Nikapaka vichwa vyote rangi nyekundu ili waombaji waone haya. Hawakuona.

Wiki hii sikuwa na mzaha. Shemeji yangu Munir, mwenye kauli juu ya kiwanja, alisema Landrova ya Maundu wa Kishushe isipopata madigadi yake kufikia Ijumaa, karakana inafungwa, aweke stoo ya saruji. Nami sina kazi nyingine duniani.

Ijumaa akaja kutusimamia. Kitanda kilikuwa kimepangwa tangu Jumatatu, mpira juu. Reuben akapiga jeki, tukafunua. Katikati ya madigadi kulikuwa na bonde la kulaza yai.

"Si nilikwambia?" alisema Munir. "Funga, shemeji."

Nikainua mpira. Tundu tupu, katikati kabisa!

"Reuben! Nani amechukua?"

"Nilifikiri mpira utabeba," alisema, akitazama viatu vyake.

Lahaula! Nilitaka kulia na kumpiga kwa wakati mmoja. Bati lilikuwa limebaki moja.

Munir alikuwa ameshaelekea kwenye gari lake, Pijo. Nikamfuata kumsihi, na hapo nikaona kichwa chekundu kwenye bampa la nyuma.

"Na hii?"

"Nilimwomba fundi wako Jumanne. Bolti moja tu."

Nikamgeukia Reuben.

"Ningesemaje, Mama Nasiha? Ni shemeji yako."

Nikachukua spana, nikapiga magoti vumbini na buibui langu, nikaifungua. Bampa likaanguka upande mmoja. Munir alipiga kelele, mimi nikairudisha bolti kwenye tundu lake.

Bati la mwisho likatoka laini. Kabla ya magharibi Landrova iliondoka na madigadi yake. Munir alikuwa bado amesimama kando ya gari lake, na habari ya saruji hakuitaja tena.

"Sasa mimi nitafikaje nyumbani?" aliuliza.

Nilifungua kinywa nimpe jibu lake. Nyuma yangu nikasikia spana ikizunguka. Reuben alikuwa ameinamia kitanda.

"Hii ya pembeni," alisema.