Lori Lililosahau Kibla

Shamis alipogonga kichwa kwenye rafu tena, alimlaani fundi, akaulaani mti uliotoa mbao, kisha akakumbuka kwamba rafu hiyo aliitaka mwenyewe. Alimsimamia fundi akamwambia, "Hapo hapo, usishushe wala usipandishe." Enzi hizo kichwa chake kiliijua njia, kikiinama chenyewe kama ngamia anayekijua kisima. Sasa kilikuwa kimezoea dari ya nyumba ya mjini, mtaa wa Wabera.

"Umekuwa mrefu?" Guleid, mumewe, aliuliza akiwa nje anakagua magurudumu.

"Wewe ndiye umefupisha gari."

Lori lilikuwa na nyumba mgongoni: chumba cha mbao na mabati, mlango nyuma, kitanda, kabati, jiko la makaa lililofungwa kwa waya, na mbele kabisa ukuta uliopakana na kabini ya dereva. Miaka mingi wawili hao waliishi humo, wakiuza sukari, majani chai na nguo kutoka Sericho hadi Oldonyiro. Binti yao Habsa alipofika umri wa shule wakapanga nyumba Wabera. Lori likaegeshwa uani, kuku wakalirithi. Guleid akafungua kiduka, akakaa ndani yake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Habsa akasoma, akaolewa, akaenda. Wiki hiyo hiyo Guleid akafukuza kuku, akanunua betri mpya, akasema, "Turudi."

Shamis hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliyekuwa na haraka ni Anderson, mfanyabiashara wa kabichi kutoka Meru, aliyelitaka lori hilo kwa moyo wote: nyumba itolewe, kabichi ziingie. Lakini kwa desturi ya watu wa Shamis, Wasomali, ngamia ni wa mume na nyumba anayoibeba ni ya mke, na jambo hilo lilimshinda Anderson kabisa.

"Mzee, si kitabu cha gari kina jina lako?"

"Cha gari, ndiyo," Guleid alimjibu. "Cha nyumba hakuna. Muulize mama."

Basi wakakubaliana: safari moja tu, Oldonyiro, siku ya mnada wa mifugo. Shamis akisema imetosha, Anderson achukue lori.

Safari yenyewe ilikuwa fujo. Shamis alikuwa amepanga sufuria kama za Wabera, juu ya kabati, zikipendeza. Kwenye kona ya kwanza zilishuka zote kumsalimia. Alitafuta chumvi mahali ilipokaa miaka ile, akapata yai la kuku. Alitafuta kiberiti, akapata kiatu kimoja cha Habsa cha utotoni, akakishika mpaka akasahau alichokuwa akitafuta. Walipofika jioni, Guleid aliegesha penye tambarare karibu na zizi la mnada, akalala kama gogo. Shamis alibaki macho, akisikiliza nyumba ikilia kwa mbao zake, akijiuliza kama ilikuwa ikimkaribisha au ikimfukuza.

Alfajiri alishusha mguu mahali pasipokuwa na sakafu. Akapapasa mlango, akashika dirisha. Akatia udhu kwa maji ya birika, nusu yakaingia kwenye unga. Jambo moja tu hakulitafuta: alitandika mkeka, akaelekea ukuta wa kabini, akasali. Kibla iko kabini. Hilo alilijua kama jina lake.

Alipotoa salamu tu, kichwa cha Racho kilichomoza mlangoni. Racho alikuwa mama wa Kiborana aliyewauzia maziwa tangu zamani.

"Asalaam aleikum, Mama Habsa! Karibu tena. Lakini siku hizi Makka imehamia kusini, Nanyuki?"

Shamis akageuka. Weupe wa alfajiri ulikuwa ukiingia kwa dirisha la kushoto. Maisha yake yote ya barabarani, weupe huo uliingia kulia.

"Toka mlangoni," alisema kwa sauti ndogo, "nisije nikakusujudia wewe."

Akasali upya akielekea mlangoni, na moyo haukutulia. Miaka ile yote hakuwahi kumuuliza mtu. Awe Sericho, awe Oldonyiro, kibla ilikuwa kabini. Kwani ilikuwa ikiwafuata?

Alimkuta Guleid nje, anakunja mkeka nyuma ya lori.

"Baba Habsa, zamani kibla ilikuwa wapi?"

"Ilipo sasa."

"Ndani ya gari, nauliza."

Guleid alitazama pua ya lori, akatazama kulikokuwa kukipambazuka, akavua kofia. "Ya Rabbi. Nimesahau kuligeuza."

"Kuligeuza?"

"Si kila jioni nililigeuza, pua iangalie kaskazini? Madereva walinicheka, wakasema huyu mzee anatafuta upepo. Wewe ulidhani linajigeuza lenyewe?"

Ukweli ni kwamba Shamis hakuwa amedhani chochote. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Ulikuwa unaamka gizani, mtoto mgongoni. Sikutaka utafute."

Siku nzima Shamis hakujua amkasirikie mumewe aliyesahau, au ajionee haya yeye ambaye hakuwahi kujua. Aliyetaka sukari alimpa majani chai. Aliyeleta kitambaa kurudisha, alimshukuru kwa kununua. Mchana Anderson, aliyekuwa amewafuata kwa pikapu yake, akaja na futi ya kupimia, akapanda bila kuambiwa karibu.

"Hapa kabichi zitakaa raha. Mama, hiki kitanda utaenda nacho?"

"Kwani kabichi zako hazilali?"

"Zinalala, lakini hazikoromi." Akapima kabati, akapima rafu. "Sasa nipe jibu. Ndiyo ama hapana?"

"Jioni," Shamis alisema, maana alilokuwa nalo mdomoni halikuwa ndiyo wala hapana.

Jioni wanunuzi wa ng'ombe walitaka nafasi ya kupakia, ikabidi lori lihame. Guleid akalisogeza hadi katikati ya mgunga na pikapu ya Anderson, akasimama. Shamis alidhani yamekwisha. Mara injini ikanguruma tena: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma. Vumbi likapanda. Watu wakaacha kuhesabu mbuzi.

"Mzee!" Anderson alipiga kelele. "Si umeshaegesha? Unachimba kisima?"

Guleid akarudi nyuma tena. Shingo yake ilikuwa imetoka dirishani, jasho linamtiririka, usukani unamshinda kwa uzee wake na wa lori.

Shamis alitazama jua linalotua. Halikuwa kushoto kwa lori bado. Akajifunga leso kiunoni, akaenda nyuma, akapiga bodi kwa kofi.

"Lete! Lete! Kata kulia! Waryaa, we mzee, kulia, si kule! Simama!"

"Siwezi, kuna pikapu!"

Shamis akamgeukia Anderson. "Sogeza gari lako."

"Na jibu langu, mama?"

"Limesimama hapo kwenye njia ya nyumba yangu. Lisogeze."

Anderson alimtazama, akalitazama lori, akaanza kukunja futi yake polepole. Kisha akaenda kusogeza pikapu.

Jua lilipokaa kushoto sawasawa, injini ikazimwa. Shamis akapanda kupika, akagonga kichwa kwenye rafu.

"Umekuwa mrefu?" Guleid aliuliza.

"Nyamaza, uje uniambie chumvi iko wapi."

Guleid naye hakujua.