Kakakuona Aliyeanikwa Juani

"Hivi mama, kakakuona na kobe si ndugu hawa?"

Fundi baiskeli ndiye aliyemuuliza hivyo mjane, jirani yake, jana asubuhi, mikononi kabeba kitu kilichojikunja kama mpira. Alikikuta kando ya uzio, akampigia simu afisa wanyamapori, akaambiwa akitunze hadi kesho.

"Ndugu kabisa!" mjane alijibu bila kupepesa macho. "Huoni magamba hayo? Niachie mimi. Kobe wangu nimemlea tangu marehemu yu hai, na bado anadunda."

Basi akamlea kama kobe. Akamtia kwenye karai, akamwekea majani ya kabichi, akalisogeza karai juani, maana kobe wake asipoota jua huwa mzito. Mgeni hakugusa kitu. Mjane akaona anadeka tu.

Leo afisa alipofika, kakakuona alikuwa amekufa, bado kajikunja.

"Kobe ni mtambaazi, anataga mayai," afisa alisema, amechuchumaa kando ya karai. "Huyu ananyonyesha, kama ng'ombe. Hawana undugu hata wa kusingizia. Mchana hushinda shimoni, usiku hutafuta mchwa. Na kobe kama huyo wako bado wapo wengi, mama. Hawa wanatoweka." Akamgeukia fundi. "Nani kamwanika? Si wewe uliyekutwa na mitego juzi juzi?"

"Ya panya ile, mkuu! Huyu nilimleta mzima, anapumua. Mama, si umwambie?"

Mjane akajitia kurekebisha mtandio. Yeye, asiyekosa sala hata akiwa na homa, neno moja tu lilimshinda. Akatazama kabichi iliyonyauka. Akajiambia huenda afisa anatisha tu, atamwachia.

"Utayasema ofisini," afisa akasema, akatoa pingu. Fundi akanyoosha mikono, macho hayabanduki usoni mwa mjane.

Pingu ya kwanza ikalia.

"Ni mimi!" Sauti ilimtoka mjane kama ya mtu mwingine. "Nilimwanika mimi, nikidhani ni kama kobe. Huyu hana kosa, Mungu ananiona."

Afisa akafungua pingu taratibu. "Sasa muda wote huo ulikuwa unangoja nini, mama?"

Mjane akamgeukia fundi. "Jirani yangu," akaanza, "nisamehe, niliogopa..."

Fundi akajisugua kifundo cha mkono, akavaa kandambili zake, akatoka.