Mara Kumi na Mbili

Mwindaji yule alikuwa na kichwa kigumu, na macho yake yalikuwa yameanza kumwangusha, jambo alilomficha hata mkewe. Kesho yake angeingia msituni na mdogo wake: yeye wa kulenga, mdogo wa kutangulia vichakani kufukuza wanyama. Ndiyo maana alitaka darubini ya bunduki iliyo kali kuliko zote.

"Msituni ya kukuza mara nne inatosha, kaka," fundi bunduki alimwambia. "Ukikuza sana unaona sehemu ndogo tu. Na alama ya kulengea, chukua huu msalaba wa mistari minene. Ule mwembamba jioni unamezwa na majani."

"Mimi si mtoto. Nipe mara kumi na mbili, msalaba mwembamba."

Fundi akaguna. Dukani kwake darubini ilijaribiwa kabla ya kufungwa kwenye bunduki, kupitia dirisha la nyuma, na hapo hakubembelezeka. Mwindaji akaegemeza viwiko dirishani. Jua lilikuwa linazama. Mwisho wa uwanja, miti ilipoanzia, akamwona swala: manyoya ya kijivu, sikio linachezacheza, pembe. Msalaba ukatulia wenyewe begani mwa swala. Kidole chake kikajikunja hewani.

"Umeona nini?"

"Swala. Dume zuri hasa."

Fundi akanyoosha mkono, akazungusha pete ya darubini hadi mara tatu. Uwanja ukafunguka. Pale pale alisimama mdogo wake na koti lake la kijivu, anatafuna karanga, anamsubiri. Swala hakuwapo.

Mwindaji akaishusha darubini. "Macho yangu haya," akanong'ona. "Hayafai tena."

Fundi hakumtania. Aliichukua darubini, akairudisha hadi mara kumi na mbili, akatazama kwa muda mrefu. Alipoishusha, midomo ilikuwa imemkauka.

"Macho yako hayana neno," alisema. "Mimi pia nimeziona pembe."

Mlango ukafunguliwa. Mdogo mtu akaingia, anasugua bega. "Kaka, kuna kitu kimeniuma hapa. Sijui dudu gani."

Mwindaji hakuthubutu kulitazama lile bega. Alikuwa amemlea yule kijana tangu mama yao afariki. Kusema wasiende kabisa kulimshinda. Kiburi nacho kina mizizi.

"Kesho bunduki utashika wewe," akasema. "Mimi ndiye nitakayetangulia vichakani."

Kijana nusura aruke kwa furaha. Miaka yote alikuwa akiililia nafasi hiyo. Akamgeukia fundi, mkono keshaunyoosha.

"Basi nipe ile kali kuliko zote."