Kikombe cha Dirishani

Kitendawili, wajukuu zangu: wenzake hulala kabatini, yeye hulala dirishani, wenzake huoshwa na mwenye nyumba, yeye huoshwa na mgeni. Ni nini?

Nani huyo kasema paka? Paka huoshwa na nani? Mmeshindwa, nipeni mji. Ila msinipe mji mzuri, maana jibu lenyewe ni la aibu. Ni kikombe cha Surayya.

Surayya Masih alifagia ua wangu na kuwaogesha wanangu miaka ishirini na sita. Alikuwa Mkristo, kama wote wa mtaa wa chini unaopakana na mashamba ya miwa. Kila asubuhi tulikunywa chai pamoja, tukacheka, tukawasengenya wakwe zetu. Akimaliza, anakisuuza kikombe chake mwenyewe bombani, anakirudisha dirishani, upande wa nje. Hakuna aliyemwagiza; kikombe cha Mkristo hakikuchanganywa na vya nyumba, hilo lilijulikana tu. Mama yangu na mama yake walifanya vivyo hivyo, na Punjab nzima tuliyoijua ilifanya vivyo hivyo. Sikuwahi kuona kama ni jambo.

Siku ile kipaza sauti cha msikiti kililia asubuhi, si wakati wa adhana. Sauti ya mtu nisiyemjua ikasema kurasa za Kurani zimeokotwa zimechanwa karibu na kanisa. Nani kaziona, hakusema. Ilipofika saa nne barabara ilijaa watu, wengine wamekuja kwa matrekta kutoka mbali, wengine ni vijana wetu wenyewe, ninaowajua mpaka majina yao ya utotoni. Moshi ukapanda kutoka mtaa wa chini.

Ndipo nikasikia hodi.

"Dada Kaniz! Dada, ni mimi, fungua!"

Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Msije mkasema bibi alizuiwa. Nilikuwa peke yangu, hakuna aliyenishika. Nilisimama tu pale nimebana pumzi, mpaka nikasikia miguu yake ikikimbia.

Watu wa mtaa wa chini walilala kwenye miwa siku tatu, na wazee wao na wagonjwa wao. Nyumba kumi na tisa ziliungua. Kanisani zikabaki kuta tu.

Ijumaa imamu wetu, Maulana Idris, akapanda mimbari. Sisi wanawake tulimsikia kwa kipaza sauti, tukiwa nyuani kwetu.

"Kipaza sauti hiki nilimpa mtu ambaye hata jina sikumwuliza," alisema. "Hilo nitaulizwa mimi mbele ya Mungu. Lakini waliobeba mafuta ya taa ni watoto wetu, na baba zao wamekaa humu. Jumapili wenzetu hawana pa kusali. Watasali humu."

"Humu msikitini?" mzee mmoja akauliza.

"Humu. Mtume aliwaacha Wakristo wa Najrani wasali msikitini mwake. Au wewe, mzee, una msikiti mtukufu kuliko wake?"



Basi Jumapili tukapika pilau, sufuria mbili kubwa, uani kwangu. Wifi yangu Hajra, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akachungulia ndani ya sufuria akasema, "Ongezeni nyama, jamani. Tumewachomea nyumba, na nyama tuwabanie?"

Tukacheka kidogo, kisha hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wakaja. Wakaimba zaburi zao kwa Kipunjabi, lugha yetu ileile, na wanaume wetu wamejipanga nje ya msikiti wakitazama viatu. Walipomaliza, akina mama tukawakaribisha uani. Surayya aliingia wa mwisho, mtandio wa kuazima kichwani, miguu imechanwachanwa na majani ya miwa. Hakukaa.

"Dada Kaniz, siku ile nilibisha kwako. Ulikuwa ndani?"

Hajra akawahi. "Alikuwa kwangu, maskini! Tumejificha uvunguni kama kuku wagonjwa!"

Wenzangu wakacheka. Surayya hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi nikasema, "Ngoja nikuletee chai."

Nikaingia jikoni. Wageni wote tulikuwa tumewapa vikombe vya maua, vile vya harusi. Lakini kwa Surayya nilikuwa nimeandaa kitu changu. Tangu alfajiri nilikuwa nimekisugua kile kikombe chake kwa majivu na ndimu, kwa mikono yangu, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilidhani atafurahi. Wallahi nilidhani hivyo.

"Ona, Surayya! Kikombe chako kimepona!"

Mmoja wa wageni akakitazama kikombe chake chenye maua, akakiweka chini taratibu. Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini.

Surayya alikipokea, akakizungusha. "Nilikiona siku ile," alisema. "Kilikuwa dirishani, na mimi nimesimama chini yake. Tulikuwa nje wote wawili."

"Nipe, nikuletee kingine, mdogo wangu."

"Sitaki kingine, dada. Mume wangu Yaqub anataka tuhamie Lahore kwa kaka yake. Mabati yaliyosalia yamekwisha kupakiwa. Nimemwambia angoje, kuna jambo moja nataka kulijua kwanza, nijue kama hapa nina mtu."

Hajra akakohoa. "Si nimeshakwambia alikuwa kwangu?"

Njia ilikuwa wazi, wajukuu zangu. Ningeitikia kwa kichwa tu, angenywa chai, labda angebaki, na mimi ningekuwa dada yake mpaka kufa.

"Wifi, nyamaza," nikasema. Uso uliniwaka kama niliyeinamia tanuri. "Nilikuwa ndani, Surayya. Nilikusikia, na nilijua ni wewe."